Mjadala: Shimo jeusi la katikati ya galaksi linatuhusu nini watu wa Kusini?

Mtoa mada, Mtwara Mjini
Wakuu, habari za jioni. Nisomeni kwanza, mawe baadaye. Katikati ya galaksi yetu kuna shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali kiasi kwamba hata nuru haitoki ndani yake, lenye uzito wa Jua mara milioni 4 na ushei. Linaitwa Sagittarius A*, na liko umbali wa miaka ya nuru kama 26,000. Eneo hilo la anga, kati ya makundi ya nyota ya Nge na Mshale, hupita karibu na utosi wetu usiku wa Juni hadi Agosti. Mtu wa Berlin hulipata chini kabisa, linakaribia kugusa mapaa ya nyumba.

Sasa Afrika Kusini inajenga darubini kubwa za redio, zinazonasa mawimbi ya redio kutoka angani, na imeshirikiana na nchi nane za Afrika. Kenya imo, Zambia imo, hata Msumbiji hapo ng'ambo ya Ruvuma imo. Kwenye hizo nane sisi Watanzania hatumo. Swali: fedha ya umma iende kwenye mambo haya, au ni anasa? Mimi nasema tuingie.

Mkulima, Tandahimba
Heshima yako mkuu, ila hapana. Msimu uliopita salfa, dawa ya mikorosho, ilitufikia maua yameshaliwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Unapiga dawa huku unajua unapigia makumbi. Halafu unaniambia habari ya Jua mara milioni 4? Hili moja tu linatutoa jasho.

Nahodha, Kilwa Masoko
Naunga mkono hoja ya mkulima. Nyota tunazitumia sana, lakini hilo shimo halijawahi kumrudisha mtu nchi kavu.

Mwanafunzi, Lindi
Samahanini wakubwa, shikamooni. Halitatumeza?

Mwalimu wa fizikia, Masasi
Marahaba. Halitatumeza, mwanangu. Ukiwa mbali nalo linavuta kama kitu kingine chochote chenye uzito uleule. Na kwa upana si kubwa hivyo: ungeliweka mahali pa Jua, lingeenea ndani ya njia ya Zebaki na nafasi ikabaki.

Tukirudi kwenye mada, watu wanadhani elimu hii ni ya mashine za mabilioni tu. Kuna nyota inaitwa S2 inayolizunguka shimo hilo kila miaka 16. Kikosi cha Andrea Ghez kule Hawaii na cha Reinhard Genzel kule Chile waliifuatilia kwa miaka mingi, na mwaka 2020 wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel na Roger Penrose. Kwa takwimu zao, kidato cha sita wangu wanalipima shimo ubaoni. Wastani wa umbali wa S2 kutoka kwenye shimo ni kama mara 1,000 ya umbali wa Dunia na Jua. Pandisha 1,000 kipeo cha tatu, gawanya kwa 16 kipeo cha pili. Unapata milioni 3.9. Huo ndio uzito wake, kwa kipimo cha Jua. Gharama: chaki.

Mkulima, Tandahimba
Ahsante mwalimu, umenisaidia mimi. Kama chaki inatosha, fedha ya nini?

Mkazi wa Lindi
Mzee wangu, kauli ya "halituhusu" sisi wa Lindi tunaijua bei yake. Kati ya 1909 na 1913 babu zetu walibeba mifupa ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, vichwani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini. Leo amesimama jumba la makumbusho Berlin, kimo chake kinapita mita 13, na watu wanalipa kiingilio kumtazama. Waliokuwa wanajua thamani yake ndio waliomchukua.

Mtoa mada, Mtwara Mjini
Mfano wa mjusi unauma, ila haukai sawasawa hapa. Anga haibebwi kichwani. Kinachotupita ni kazi.

Ngojeni nieleze. Picha ya kwanza ya shimo jeusi ilitoka tarehe 10 Aprili 2019, nayo ni ya galaksi nyingine, M87. Ya shimo letu ikatoka tarehe 12 Mei 2022, ingawa zote zilipigwa mwaka 2017 kwa darubini nane za redio zilizounganishwa. Data zilikuwa nyingi mno kupita kwenye intaneti, zikasafirishwa kwa ndege ndani ya diski. Diski za Ncha ya Kusini zilisubiri kipupwe kiishe ndipo ndege ifike. Letu likachelewa zaidi kwa sababu gesi inalizunguka kwa dakika tu, kwa hiyo picha haitulii. Miaka yote hiyo watu walikuwa mbele ya kompyuta wanaandika programu na kupiga hesabu.

Kwa hiyo mzee, sijasema tusimike sahani ya darubini Naliendele. Nasema tulipie vijana wakafanye hesabu hizo. Na hapo Naliendele wapo watafiti wa korosho. Hatujasikia mtu akisema wafukuzwe mpaka salfa ifike kwa wakati.

Mkulima, Tandahimba
Wale wanatafiti ninachokula, kijana. Usichanganye.

Mwalimu wa fizikia, Masasi
Mie niko katikati, na huenda wote mtanichukia. Kabla ya kulipia ada ya chuo cha nje, leteni walimu wa hesabu. Kuna shule humu mkoani mtoto anafika kidato cha nne na hesabu anafundishana na mwenzake.

Mkulima, Tandahimba
Hapo sasa mwalimu umenena. Lakini hizo nafasi za masomo zikija, nani atahakikisha mtoto wa Tandahimba amo? Mnijibu hilo kwanza, ndipo tuongee habari za kusaini.

Mtoa mada, Mtwara Mjini
Swali la haki. Napendekeza zigawiwe kwa mkoa. Nani mwenye njia bora zaidi?