Prado 1KZ imefunguliwa gia boksi, lokapu haishiki: konveta nyingine au gia boksi ya mtumba?

Msafiri_Mafinga
Wakuu habari zenu. Gari ni Prado KZJ95, injini 1KZ-TE, gia boksi ya otomatiki A343F. Mwezi uliopita ilifunguliwa yote, ikawekwa klachi na sili mpya, konveta (ile ngoma ya oili inayounganisha injini na gia boksi) ikarudi ileile. Gia zote nne zinaingia bila kugonga. Shida ni lokapu, ile klachi ya ndani ya konveta inayofunga injini moja kwa moja na gia. Nikiwa kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare mshale wa RPM unabaki 2,100, zamani ulikuwa unashuka wenyewe hadi 1,700 hivi. Nikigusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku nimekanyaga mafuta, mshale hausogei, maana yake hapakuwa na lokapu ya kuachia. Cha ajabu, nikishuka Mikumi mchana wa jua kuna siku inashika.

Fundi kanipa njia tatu: tushushe gia boksi tubadili konveta, ninunue gia boksi nzima ya mtumba, au avute waya niwe nawasha lokapu kwa swichi. Mnanishauri ipi?

Spana17
Ya swichi achana nayo kabisa mkuu. Ukisahau kuizima ukafika kwenye tuta, injini inazima hapohapo kwa sababu imefungwa moja kwa moja na gia. Na ukiiwasha huku unapanda mlima Kitonga, ile klachi nyembamba ya ndani ya konveta itaungua.

Kaka_Gereji
Kati ya mbili zilizobaki, mimi nachagua konveta. Gia boksi ya mtumba hujui imetembea kiasi gani, na ndani yake kuna konveta ambayo nayo ni mtumba. Unauza ugonjwa unaoujua, unanunua usioujua. Konveta iliyorudishwa bila kukatwa na kusafishwa inabaki na unga wa klachi za zamani, na unga huo unaenda kukwamisha valvu ya lokapu kwenye valvu bodi, sehemu inayogawa oili ndani ya gia boksi. Mkishusha, mwangalie pia sili za shafti inayoingia kwenye konveta. Ikikatika moja wakati wa kufunga, presha inavuja na lokapu haishiki hata konveta ikiwa mpya.

Dada_Umeme
Kaka Gereji, hayo ya sili ni kweli, lakini mbona mnashusha gia boksi kabla ya kupima? Gia zote zinaingia, kwa hiyo pampu na presha kuu sina wasiwasi nazo sana. Lokapu ina solenoidi yake, yaani valvu ndogo ya umeme. Unganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia, fungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, uhesabu taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inavyopepesa. Ikitoa kodi 64 (namba ya hitilafu), ni solenoidi ya lokapu au waya wake. Ipime na mita pia, iwe kati ya omu 11 na 15. Hiyo unaifikia kwa kushusha sampo tu, lile bakuli la oili chini ya gia boksi.

Halafu rudisha gari nyuma karibu na ukuta usiku, uangalie mwanga wa taa za breki. Zikiwaka bila kukanyaga, kompyuta inadhani unafunga breki na haitatoa lokapu hata siku moja.

Spana17
Mimi nimeshikwa na lile neno la Mikumi. Mafinga kwenye baridi haishiki, bondeni kwenye joto inashika. Klachi iliyokufa haichagui hali ya hewa. Mkuu, themostati ipo, ile valvu inayozuia maji ya injini yasipoe kupita kiasi? Hizi 1KZ watu wanaogopa silinda hedi kupasuka, wanaitoa. Maji yasipopata joto la kutosha, kompyuta inazuia lokapu.

Msafiri_Mafinga
Wakuu, nimerudi. Taa ilipepesa haraka haraka mfululizo, hakuna kodi. Solenoidi imesoma omu 13. Taa za breki ziko sawa. Tumefungua nyumba ya themostati, tupu! Fundi akakumbuka aliitoa siku ileile ya gia boksi, "ili injini isichemke". Nimeweka mpya, nikaenda hadi Makambako asubuhi na ukungu wake. Baada ya dakika kama 15 mshale ukashuka 2,100 hadi 1,700, nikagusa breki ukapanda, nikaachia ukashuka tena. Nilirudia mara nne barabarani kwa furaha.

Ila ikishika kwenye 75 kuna mtetemo kidogo, kama kupita juu ya kokoto. Kijiti cha oili ya gia boksi nimekifuta kwenye kitambaa cheupe: nyekundu, haina harufu ya kuungua, ina unga kidogo mweusi.

Kaka_Gereji
Unga huo ndio nilioutaja. Usishushe kitu bado. Mwaga oili, badilisha chujio, weka oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari na si ile ya pipa, utembee kilomita 500, kisha umwage tena. Mtetemo ukibaki baada ya hapo, konveta ikatwe. Gia boksi ya mtumba bado siikubali.

Msafiri_Mafinga
Sawa kaka. Jumamosi naanza na chujio.