Programu za orodha ya kazi: kengele hailii, halafu wanataka tuilipie

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika usiku huu nikiwa na hasira, na naandika kabla hazijapoa, maana zikipoa nitanyamaza kama nilivyonyamaza mwaka jana.

Mimi ni fundi cherehani, nina ofisi Sinza na mabinti wawili wanaonisaidia. Kazi yetu ni tarehe. Gauni la send-off likikamilika siku moja baada ya sherehe, hilo si gauni tena. Kwa wiki nakuwa na nguo kama thelathini, na kila nguo ina safari yake: kupima, kufuata lesi na zipu Kariakoo, kukata, mteja kuja kufiti, kurekebisha, kumalizia. Kichwa kimoja hakibebi yote hayo. Ndiyo maana nilitafuta programu ya orodha ya kazi. Nilitaka kitu kimoja tu, kinikumbushe.

Jumatatu iliyopita saa tatu asubuhi simu ilitakiwa iniambie nikafuate lesi ya mama mzazi wa binti mmoja mwenye sherehe. Haikulia. Jumanne haikulia. Alhamisi asubuhi mama mwenyewe kaingia ofisini kuja kufiti, sherehe Jumamosi, na nguo hata mkasi haijaguswa. Nikafungua programu mbele yake nione nimekosea wapi. Vikumbusho vya siku tatu vikamwagika kwa mpigo, kumi na kimoja, kimoja juu ya kingine. Vilikuwemo vyote. Vilikuwa vimekaa humo vinanisubiri mimi nifungue, wakati mimi ndiye niliyekuwa navisubiri vinishtue.

Nilikimbia Kariakoo mchana ule ule. Lesi ya rangi ile, ambayo ndugu zake wote walikuwa wameichukua, dukani imekwisha. Yule mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada fundi, mimi nilikuamini." Nikamwambia, "Mama, naomba unisamehe," nikamrudishia shilingi 180,000 zake. Afadhali angenitukana.

Kuna mtoto wa dada yangu anayetengeneza simu, nikampelekea. Maelezo yake ndiyo yaliyonipandisha hasira zaidi, kwa sababu tatizo hili linajulikana miaka nenda rudi. Tangu Android 6, toleo la mwaka 2015 la mfumo unaoendesha simu zetu, simu ikikaa bila kuguswa inazilaza programu ili kutunza chaji. Baadhi ya watengenezaji wa simu wakaongeza mifumo yao juu ya huo, mikali zaidi, inayoua kabisa programu usiyoifungua mara kwa mara. Ikaja Android 13, programu haiwezi kukuonyesha arifa mpaka uiruhusu. Android 14 ikaongeza lingine: programu nyingi unazoziweka upya hazipewi ruhusa ya kupanga kengele ya dakika kamili mpaka wewe mwenyewe uingie kwenye mipangilio uiwashe. Mimi nilibadilisha simu mwaka huu. Ruhusa ile ilikuwa imezimwa tangu siku ya kwanza.

Sasa nauliza. Programu hiyo ilijua kuwa haina ruhusa, kwa sababu inaweza kuangalia yenyewe. Ilipata nafasi ya kuniomba nyota tano mara mbili. Ilipata nafasi ya kunionyesha rangi mpya za kupamba orodha, na picha ya mti unaokua kila nikimaliza kazi. Kuniambia sentensi moja, kwamba dada, kengele zako hazitalia mpaka ubonyeze hapa, ikashindwa. Inapokea kikumbusho, inakuandikia "kimehifadhiwa", na inajua haitakiliza. Huo kwangu ni uongo, sitafuti neno laini.

Na hii ni programu ya tatu kuijaribu. Ya kwanza kikumbusho chenye saa kilikuwa cha kulipia, bure unaandika orodha tu. Yaani orodha ambayo hata karatasi ya mezani inanifanyia. Mtu anakuuzia saa ya mezani, kisha kengele uilipie kila mwaka, kwa dola, kwa kadi. Nilijaribu siku saba za bure, nikasahau kufuta siku ya sita, mwaka mzima ukakatwa. Kumbuka niliichukua kwa sababu nasahau! Wakanikumbusha kila kitu kasoro hicho.

Ya pili ilikuwa haifunguki bila intaneti. Bando limekwisha uko Kariakoo katikati ya msongamano, unataka kuona ni zipu za inchi ngapi na za rangi gani, unatazama duara linazunguka. Orodha ya maneno ishirini, nyepesi kuliko picha moja ya WhatsApp, inashindwa kukaa ndani ya simu yangu?

Halafu kuna suala la saa, ambalo sijaona mtu akililalamikia. Programu hizi zinajisifu kwamba unaandika sentensi kama unavyoongea, yenyewe inaelewa siku na saa. Nilizojaribu mimi hakuna iliyoelewa "Ijumaa saa nne asubuhi". Zinasubiri Kiingereza. Binti yangu mmoja wa ofisini aliandika saa 4, akimaanisha saa nne asubuhi kama sisi sote tunavyosema, mashine ikaisoma kwa hesabu yao ya kuanzia usiku wa manane, simu ikalia saa kumi alfajiri. Ilipofika saa nne yenyewe, kimya, na mteja yuko nje ya mlango. Tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza tuko mamilioni, Bara na Visiwani na Kenya, na hesabu hii si ya jana. Kuweka kitufe cha saa za Kiswahili ni kutoa sita tu. Hawajaweka kwa sababu hakuna anayewadai.

Najua wapo watakaosema nichague kampuni kubwa yenye jina. Basi tazameni yaliyowapata waliochagua hivyo. Wunderlist, programu ya orodha ya kazi, ilitengenezwa Berlin, ikatoka 2010, watu wakaipenda kweli. Juni 2015 Microsoft wakainunua, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa. Mwanzilishi wake, Christian Reber, alikuwa ameomba hadharani mwaka 2019 auziwe tena, haikuwa. Niseme haki, Microsoft walitoa njia ya kuhamishia orodha kwenye programu yao nyingine, lakini mtu aliyezoea jiko lake alihamishwa bila kuulizwa. Evernote nayo, programu ya kuandikia kumbukumbu, watu wameweka maisha yao humo, Desemba 2023 wa bure wakabanwa hadi kumbukumbu 50 na daftari moja. Todoist, programu nyingine ya orodha ya kazi, bure ni miradi mitano. Sisemi wasipate pesa, mimi mwenyewe siwashonei watu bure. Nasema usimvutie mtu kwa bure mpaka awe ameweka kila kitu, ndipo umwekee geti.

Na mtakaoandika "tumia daftari", nawaheshimu, nimetumia kaunta buku miaka sita. Vipimo bado viko humo mpaka leo. Lakini daftari halipigi kelele saa tatu asubuhi nikiwa nimeinamia cherehani. Kelele ndiyo niliyokuwa naihitaji.

Kwa sasa nimeweka tarehe zote kwenye saa ya kawaida ya simu, ile ya kuniamsha. Ina sura mbaya, haina orodha, kila kengele naiandikia jina la mteja. Inalia. Tangu Ijumaa haijaniangusha hata mara moja, hata chaji ikiwa chini. Na kila kitambaa kimebanwa kipande cha karatasi chenye siku ya kufiti.

Wewe unayetafuta programu leo, usiangalie picha zake kwenye duka la programu. Kabla hujaingiza kazi hata moja, weka kikumbusho cha kesho asubuhi, zima data, funga skrini, lala. Ikilia kwa wakati, endelea. Kisha tafuta mahali pa kutolea orodha yako nje, kama faili utakaloweza kulifungua kwingine. Ukikosa pa kutokea, usiingie. Na siku za bure ukizichukua, ghairi malipo siku hiyo hiyo, kwa Google Play siku zilizobaki kwa kawaida unaendelea kuzitumia.

Mwenye programu inayolia simu ikiwa imelala, inayofunguka bila bando, na inayojua saa nne asubuhi ni saa nne asubuhi, anitajie hapa chini, na aseme anatumia simu gani na Android ya ngapi. Usinitajie uliyoisoma mahali, nitajie unayoitumia. Jumatano nina kamati ya harusi inakuja kufiti, watu kumi na wanne, na bado vifungo sijanunua.