Mtutu umeshika kutu: dawa ya baridi, fosfeti au rangi ya kauri?

mjukuu77: Wakuu, nina bunduki ya upepo aliyoniachia babu. Weusi umechujuka, kutu imeanza mtutuni. Nataka kuipaka mwenyewe nyumbani Jumamosi. Kati ya dawa ya baridi (ya kupaka chuma kiwe cheusi bila moto), fosfeti (tabaka la kemikali juu ya chuma) na rangi ya kauri (ya kuokwa), ipi inadumu?

Tupa Butu: Vyuma gani? Oveni unayo? Bila hayo tunapiga ramli.

Nati Legevu: Usithubutu dawa ya baridi! Mimi nilisugua mtutu kwa msasa ukang'aa, nikaufuta kwa kitambaa, nikaona umetakata. Asetoni ya kuondoa mafuta sikugusa. Kupaka tu, yakatoka mabaka kama chui, na katikati alama ya dole gumba langu, mistari yote inahesabika. Nikarudia mara nne. Mwezi haukuisha, jasho la mikono likaula weusi wote. Hiyo ni ya kufichia mikwaruzo, basi.

Oveni Moto: Kauri, mjadala umefungwa. Nyuzi 121, saa 2. Ila oveni hiyo usipikie tena chakula.

Tupa Butu: Kauri ni rangi, ikibanduka imebanduka. Fosfeti inaungana na chuma chenyewe, na vitundu vyake vinashika mafuta. Lakini alumini haiiwezi. Ndiyo maana nikauliza, na sijajibiwa.

mjukuu77: Samahani mkuu. Mtutu unashika sumaku, kikingio cha kifyatulio hakishiki. Oveni ni ya mama.

Oveni Moto: Ya mama iache.

Mzee Randa: Vijana mmesahau njia ya kutu. Unaiacha kutu nyembamba itoke, unachemsha mtutu kwenye maji safi, ule wekundu unageuka mweusi, unasugua kwa stili wuli laini. Rudia mara sita, saba.

Nati Legevu: Kutu kwa kutu, mzee?

Mzee Randa: Nyekundu inakula chuma, nyeusi inakilinda.

Oveni Moto: Na sufuria ya kulaza mtutu mzima ataitoa wapi?

Mzee Randa: Bati la mfereji, ziba ncha zote mbili. Usizibe kwa risasi ya kulehemu, tumia mbao.

Tupa Butu: Mbao itavuja. Mjukuu, kabla ya yote hakikisha haina kitu ndani, utoe na sili za mpira. Springi imebanwa, ukiifungua ovyo itakurukia usoni.

Nati Legevu: Yangu ilitoboa dari. Mnataka picha?

mjukuu77: Tuma. Hapa pini ya kwanza tu imegoma kutoka.