Kuchora nje: nifanyeje mwanga unapobadilika?

Swali: Ninapochora mandhari kwa rangi za mafuta, vivuli huhama kabla sijamaliza, je, nikamilishe picha hukohuko au studioni?

Jibu la 1: Ndugu, weka vivuli vyote mwanzoni, kisha usivibadilishe hata jua likisogea. Mchoraji Mfaransa Monet, alipochora marundo ya ngano mwaka 1890 na 1891, alibadilisha turubai (kitambaa cha kuchorea) kila mwanga ulipogeuka, jambo linalohitaji turubai nyingi na, nadhani, mtu wa kuzibeba.

Jibu la 2: Mimi hutumia turubai ndogo nje ili kunasa rangi tu, halafu picha kubwa huichora studioni, ambako mwanga wa dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja hautetereki sana.

Muulizaji: Picha ya kamera haitoshi?

Jibu la 2: Mara nyingi huvifanya vivuli kuwa vyeusi mno, na rangi zilizomo hupotea.