Kuita C kutoka Python: ctypes, pybind11 au prosesi ya pembeni?

bafa_tupu: Wakuu, ninayo fanksheni ya C: `double wastani(const double *a, size_t n)`. Data iko kwenye arei ya NumPy (maktaba ya Python ya hesabu za namba) yenye namba milioni moja. Niiite kwa njia ipi?

mshale64: Kwa fanksheni moja, ctypes (moduli ya kuita maktaba za C) yatosha, tena inakuja na Python yenyewe. Kompaili:

`gcc -O2 -shared -fPIC -o libwastani.so wastani.c`

Kisha:

```
lib = ctypes.CDLL("./libwastani.so")
lib.wastani.argtypes = [ndpointer(np.float64, flags="C_CONTIGUOUS"), ctypes.c_size_t]
lib.wastani.restype = ctypes.c_double
```

`ndpointer` inatoka `numpy.ctypeslib`. Usiruke mstari wa `restype`: bila huo ctypes huchukulia jibu ni int, nawe utapata takataka bila onyo lolote. Fanksheni ikirudisha pointa ni hatari zaidi, maana anwani ya biti 64 hukatwa ikabaki 32, na programu huanguka mbali na kosa lilipo.

Kitanzi: Nakazia hiyo `ndpointer`. Wengi huandika `a.ctypes.data_as(...)`, ambayo haikagui kitu. Ukiipa float32, C itasoma baiti nane nane mahali penye nne na kuvuka mwisho wa arei. Hata `a[::2]` (kila namba ya pili) itakupa wastani wa namba zisizo zako, kwa sababu C haijui kuruka zile za kati.

fundi_cpp: Mimi ningeenda na pybind11, maktaba ya C++ ya kutengenezea moduli za Python. Ukipokea `py::array_t<double, py::array::c_style | py::array::forcecast>`, float32 inageuzwa yenyewe (kwa gharama ya kunakili), na eksepsheni za C++ zinafika Python zikiwa eksepsheni. Hakikisha tu hiyo heda ya C imefungwa ndani ya `extern "C"`, la sivyo `import` itagoma na "undefined symbol".

mshale64: Sawa mkuu, lakini moduli hiyo lazima ikompailiwe upya kwa kila toleo la Python, 3.11 mbali, 3.12 mbali. Faili la ctypes halijali toleo. Tena `CDLL` huachia GIL (kufuli linaloruhusu uzi mmoja tu kuendesha Python kwa wakati mmoja) yenyewe wakati C inafanya kazi. Kwenye pybind11 unaandika `py::gil_scoped_release` kwa mkono.

Kitanzi: Kama hiyo C huwa inaanguka, itenge kwa `subprocess`, yaani iendeshe kama prosesi ya pembeni. Ikipigwa segfault (kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) kwenye Linux, Python inabaki hai na `returncode` inasoma -11. Soma matokeo kwa `communicate()`. Ukitumia `wait()` huku `stdout=PIPE`, paipu ikijaa mtoto anasubiri isomwe, mzazi anasubiri mtoto amalize, zote zinaganda.

bafa_tupu: Haijawahi kuanguka. Naanza na ctypes. Nikiongeza kolbeki (fanksheni ya Python ambayo C inaiita) ya kuonyesha maendeleo?

mshale64: Itengeneze kwa `CFUNCTYPE` na uiweke kwenye variabo inayoishi muda wote C inapoihitaji. C ikiitunza ili iite baadaye, nawe uliipitisha moja kwa moja ndani ya mabano, Python itaifuta na C itaruka kwenye anwani iliyokufa.