Makrofaji za tumbo la panya na influenza: NP ipo, plaki hamna

kabete_seli: Wakuu, naomba msaada. Seli ni makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) za tumbo la panya wa aina ya C57BL/6, huvunwa siku 4 baada ya kudunga thioglikoleti 3% (kichocheo cha kuvuta seli tumboni), ml 1. Kirusi ni PR8 (H1N1) kilichokuzwa kwenye mayai, virusi 2 kwa kila seli. Saa 8 baadaye NP, protini ya ndani ya kirusi, inaonekana kwenye seli chache tu, na midia ya saa 24 ikipimwa kwenye MDCK (seli za figo la mbwa), plaki, yaani matundu ambayo virusi huacha kwenye tabaka la seli, karibu hamna. Lakini TNF (protini ya kuamsha uvimbe) iko juu, hata kwenye visima vilivyowekewa majimaji ya yai lisilo na virusi. Tatizo ni virusi au seli?

mdau_wa_kinga: Plaki kukosekana si tatizo. Ndani ya makrofaji za panya, influenza nyingi za msimu huingia na kutengeneza RNA na protini, kisha hukwama. Virusi vipya vinavyoweza kuambukiza hutoka kidogo mno. Usimsingizie Mx1, jeni ya kuzuia influenza, maana ni mbovu kwa C57BL/6.

NP chache nayo ni tabia ya PR8. Hemaglutinini yake (protini ya nje ambayo kirusi hushikia seli) ina minyororo michache ya sukari, kwa hiyo vipokezi vya manosi vya makrofaji havina pa kushika. Linganisha na X31 (H3N2) kwenye sahani ileile: jeni zake 6 za ndani ni za PR8, lakini huingia vizuri zaidi.

bomba_na_pipeti: Mimi TNF ndiyo inanitia shaka. Yai tupu likiamsha seli, mshukiwa wa kwanza ni endotoksini, sumu ya ukuta wa bakteria. Ongeza visima vya midia tupu, vya virusi vilivyouawa kwa miale ya UV, na vya virusi pamoja na polimiksini B (dawa inayoshika endotoksini), 10 µg/ml. Midia tupu ikiwa chini, uchafu umo kwenye yai. Ikiwa juu, kagua seramu, PBS (maji ya chumvi ya kuoshea) na thioglikoleti yenyewe.

Halafu thioglikoleti huita monosaiti (seli zinazogeuka makrofaji) kutoka kwenye damu, kwa hiyo nyingi ya seli hizo ni wageni tumboni. Ukitaka wenyeji, iache kabisa. Dunga PBS baridi ml 5 yenye EDTA 2 mM kwa sindano namba 27, sugua tumbo dakika moja au mbili, vuta polepole kwa namba 22. Ikitoka na damu au rangi ya kinyesi, mwaga. Utapata seli milioni kadhaa, theluthi hivi ndiyo makrofaji. Nyingi ya zilizobaki ni seli B. Ziache zishike kwa saa 2 kwenye 37°C, osha, ndipo uhesabu kipimo cha virusi. Ukihesabu kabla, hiyo 2 yako si 2.

sahani96: Polimiksini hukamata endotoksini peke yake, mabaki mengine ya bakteria huyaacha. Safisha virusi kwa sentrifuji ya kasi kubwa juu ya sukrosi 20%.

Osha seli mara 2 kwa midia isiyo na seramu kabla ya kuweka virusi, kwa sababu seramu ina vizuizi vinavyoshika hemaglutinini. Kwenye MDCK pia seramu isiwepo. Tia tripsini ya TPCK (kimeng'enya kinachokata hemaglutinini ili virusi visambae) 1 µg/ml kwenye agari, na upime stoki ya virusi sambamba. Stoki isipotoa plaki, sifuri ya makrofaji haina maana.

Na inkubeta? Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, hivyo CO2 ya 5% hapa ni kama 4% ya Mombasa na pH ya midia hupanda. Panga 6%.