Picha ya Marilyn iliyochapwa, yenye muhuri wa buluu: ina maana gani, na thamani yake ni kiasi gani?

Mrithi
Assalaam aleikum ndugu zangu. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia kabla ya kuhamia Antwerp, hakuacha mtoto, lakini ametuachia picha ya uso wa mwigizaji Marilyn Monroe iliyochapwa kwenye karatasi nene ya mraba, kila upande sentimita 91 hivi. Nyuma yake kuna mihuri miwili ya wino wa buluu: mmoja umeandikwa Sunday B. Morning, na wa pili una maneno ya Kiingereza yanayomtaka mwenye picha ajaze saini yake mwenyewe. Mahali pa saini ni patupu. Mmoja wetu amesoma kwamba Marilyn ya msanii wa Marekani Andy Warhol iliuzwa dola milioni 195, na tangu siku hiyo mazungumzo ya mirathi yamekuwa mazito. Naomba kujua picha hii inasema nini, na tuihesabu kwa bei gani.

Karani wa Mnada
Waaleikum salaam, na poleni kwa msiba. Iliyouzwa kwa bei hiyo na nyumba ya mnada ya Christie's, New York, mwezi Mei 2022, ni kazi ya mwaka 1964 iliyo juu ya kitambaa cha kitani, kwa hiyo tuiweke kando kabisa. Za karatasi zilitoka mwaka 1967, Warhol alipozitoa mwenyewe kwa jina la Factory Additions: seti ya picha 10 zenye rangi tofauti, seti 250, pamoja na nakala 26 za msanii, yaani zilizo nje ya hesabu hiyo, zilizotiwa herufi A hadi Z. Kwa kawaida hizo zina saini ya penseli na namba ya muhuri nyuma, na picha moja yenye hali nzuri huweza kufika mamia ya maelfu ya dola.

Yenu ni ya ukoo mwingine. Wachapishaji wa Sunday B. Morning walianza kuchapa Marilyn zao mwaka 1970, kwa ukubwa uleule, na zile za mwanzo zilipigwa mihuri ya wino mweusi. Za buluu zilifuata baadaye na zimeendelea kuchapwa kwa miaka mingi, ndiyo maana bei yake huwa ya mamia ya dola, pengine elfu moja au mbili. Nyeusi hupata zaidi kwa mbali, ingawa nayo haiikaribii ya 1967. Itazameni mihuri hiyo kwa mwanga wa mchana, kwa kuwa rangi ya wino ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya bei.

Fundi Skrini
Mimi nimechapa fulana kwa skrini, yaani wavu unaopitisha wino, kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu upande wa maana. Uso huo umetoka katika picha ya kutangaza filamu ya Niagara ya mwaka 1953. Marilyn alifariki Agosti 1962, na Warhol akaanza kuutumia muda mfupi baada ya kifo chake, akiikata picha ibaki kichwa na shingo tu. Katika kazi yetu kila rangi ina skrini yake, na rangi ikihama hata kidogo mteja huikataa fulana. Warhol aliiacha ihame kwa makusudi: angalieni namna wino wa midomo na wa kope usivyokaa sawasawa juu ya picha iliyo chini yake, kama vipodozi alivyopakwa mtu asiyeulizwa. Aliyechapa uso huu ndiye aliyechapa picha za makopo ya supu, na nadhani alitaka tuone jinsi mwanadamu anavyoweza kuuzwa mpaka uso wake ukawa lebo. Wengi huiona kuwa picha ya furaha kwa sababu ya rangi zake. Mimi naiona kuwa picha ya msiba, na kila ninapoirudia huzuni hiyo huzidi.

Karani wa Mnada
Nakubaliana na Fundi, na naongeza tahadhari. Msikubali mtu yeyote ajaze pale patupu, hata kwa penseli, kwa sababu saini ya kughushi huigeuza mali halali kuwa kesi. Msipunguze kingo ili iingie kwenye fremu, wala msiitundike panapopigwa na jua. Bodi iliyokuwa ikithibitisha kazi za Warhol ilifungwa mwaka 2012, kwa hiyo pelekeni picha za mbele na nyuma kwenye idara ya picha zilizochapwa ya nyumba ya mnada; nyingi hukadiria bila malipo. Risiti yoyote ya marehemu, hata ya fremu, itunzeni pamoja nayo.

Mrithi
Nimeitoa nje asubuhi hii, na mihuri ni ya buluu bila shaka yoyote. Tumepata makadirio ya dola 700, na warithi wote wameyakubali. Mama, ambaye ni dada yake marehemu, ameomba aichukue na kiasi hicho kikatwe katika fungu lake, na ameshachagua ukuta usiofikiwa na jua.